Bia ya Mzee Haikunukia Machungwa

Kreti la vielelezo lilikuwa limejaa chupa tupu, na hakuna aliyekuwa tayari kusema kwa nini.

Inspekta alichuchumaa kwenye sakafu ya stoo, akatoa chupa moja ya kahawia isiyo na nembo. Ilikuwa imefunguliwa. Akatoa ya pili, nayo imefunguliwa. Akazipanga ukutani moja baada ya nyingine kama anayepanga viatu vya wageni, na kila alipoongeza chupa, koplo aliyesimama mlangoni alizidi kunywea.

"Koplo."

"Afande."

"Hivi ni vielelezo vya kesi ya mauaji, au ni masalia ya harusi?"

"Afande, mimi siku ile sikuwa zamu."

"Siku ipi? Mimi sijataja siku."

Koplo alifumba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Nyuma ya mgongo wake kituo kizima kilimwita Inspekta "Jiko", na asubuhi hiyo jiko lilikuwa limekolea. Alikuwa amerudi jana tu kutoka safari ya kikazi, akakuta faili limeshafungwa kamba, tayari kwenda mahakamani kesho. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza bia nyumbani kwake alikufa ndani ya chumba chake cha bia, shingo imekatwa na kipande cha chupa. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikutwa amepiga magoti pembeni yake, damu mpaka viwikoni, amebaki na sidiria, blauzi yake imelowa mkononi. Majirani walikuwa wamewasikia wakigombana asubuhi ile. Mwanamke alisema chupa ilipasuka yenyewe. Mkuu wa kituo alicheka, akaandika mauaji.

Shtaka la mauaji halina dhamana. Mwanamke alikuwa na mtoto anayenyonya, na kesho baada ya mahakama angepelekwa gereza la mbali, mtoto abaki huku.

Inspekta alinusa shingo ya chupa moja. Bia ilikuwa imekauka, lakini harufu bado ilikuwepo, tamu na kali, harufu ya maganda ya machungwa. Chini yake kulikuwa na kitu kingine kizito, kama siagi. Alikunja uso, akasimama. Ndipo alipoona kitu kinang'aa kwenye boksi la mafaili lililokuwa rafu ya juu kabisa. Alivuta kiti, akapanda. Kipande cha chupa ya kahawia, kirefu kuliko kidole, kilikuwa kimejichoma kwenye karatasi ngumu ya boksi mpaka katikati.

Chupa ikianguka, vipande vyake husambaa sakafuni. Haviruki juu kuliko kichwa cha mtu na kutoboa boksi.

"Niitie konstebo wa stoo," alisema akiwa bado juu ya kiti. "Na usimwambie lolote njiani. Nikisikia umemwambia, nitakuandikia barua ya uhamisho mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri."

Konstebo wa stoo alikuja mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Inspekta alimwambia autoe. Ulikuwa na bandeji kuanzia kiganja mpaka kifundo.

"Umeumia wapi?"

"Dirishani, afande. Kioo cha dirisha la choo."

"Choo cha kituo hiki kina wavu. Hakijawahi kuwa na kioo tangu nilipoajiriwa. Jaribu tena."

Konstebo alimwangalia koplo, koplo akaangalia dari. Inspekta akakionyesha kile kipande kwenye boksi, akamwachia nafasi ya kufikiri. Haikuhitajika ndefu.

"Ilikuwa joto, afande," alianza kwa sauti ya chini. "Tukasema tuonje moja tu. Sasa ukiifungua, povu linaruka mpaka darini, nusu inamwagika. Ndiyo maana zikawa nyingi. Tukifungua moja tunapata nusu glasi."

"Pole sana. Kielelezo kilikupunja. Endelea."

"Kesho yake nikaingia kufagia. Sijagusa kitu, afande, naapa. Moja ikalia paa! Nikajikuta nimekatika. Nyingine ilipasuka mchana wake, nikiwa nje."

"Ulimwambia nani?"

Konstebo aliurudisha mkono wenye bandeji mfukoni.

"Nimekuuliza, ulimwambia nani?"

"Mkuu. Akasema niseme ni dirisha. Akasema wakijua tumekunywa vielelezo, kazi zetu zimekwisha."

Inspekta alishuka kwenye kiti polepole. Hasira yake haikuwa ya kelele. Kuna mwanamke alikuwa ndani wiki nzima, akirudia kwamba chupa ilipasuka yenyewe, na hatua ishirini kutoka selo yake chupa za aina ileile zilikuwa zinapasuka zenyewe na kumkata askari. Kituo kizima kilijua. Kilinyamaza kwa sababu kilikuwa kimelewa.

"Bia ilikuwa na ladha gani?"

Konstebo alidhani anatukanwa.

"Nakuuliza kwa dhati. Wewe sasa ndiye shahidi wangu. Ladha gani?"

"Machungwa, afande. Kama mtu kakamulia machungwa. Na mwishoni inateleza ulimini, kama siagi. Mimi sikuipenda sana."

"Ungeipenda ingekuwaje," alisema Inspekta, akazikusanya zile chupa tupu kwenye mfuko, na kipande cha kwenye boksi akakiweka kwenye bahasha yake peke yake.

Mkuu wa kituo alimsikiliza bila kuacha kalamu. Alipomaliza kusikiliza, alifanya kitu ambacho Inspekta hakukitegemea. Alitabasamu.

"Umenisaidia," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi na kile kipande kilichomkata mzee. Chembamba mno, hakishikiki. Sasa ninajua hakumchoma. Aliziharibu chupa makusudi zimpasukie mzee. Nani alikuwa anatia sukari kwenye chupa siku ya kufunga? Yeye. Imo kwenye maelezo yake mwenyewe. Akazidisha sukari, chupa zikajaa gesi, mzee akafa. Mauaji yaleyale, njia nyingine."

"Mkuu, wiki nzima umesema alimchoma."

"Na leo nasema alimtegea. Upelelezi unakua."

"Na konstebo wako aliyekatika? Naye alimtegea?"

Tabasamu lilipungua. "Inspekta, faili linaondoka kesho asubuhi. Ukinipa mtu mwingine mwenye jina na maelezo, nitabadilisha. Usiponipa, mwanamke anakwenda. Na hiyo habari ya stoo, iache stooni."

"Haitabaki stooni," alisema Inspekta, akatoka. Mlango aliubamiza kwa nguvu kiasi kwamba kalenda ya ukutani ilianguka, na hakurudi kuiokota.

Selo ya wanawake ilikuwa na benchi moja na ndoo. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi, maziwa yameloanisha fulana aliyoazimwa na askari wa kike. Mumewe alikuwa akimleta mtoto kila alasiri anyonye, na alasiri ilikuwa bado. Inspekta alikaa sakafuni mbele yake, akamtolea chupa moja tupu kwenye mfuko.

"Nusa, dada."

Alinusa mara moja tu, akarudisha uso nyuma. "Ndiyo hiyo. Niliwaambia siku ya kwanza. Yule aliyekuwa anaandika akacheka, akasema hapa si baa."

"Niambie mimi."

"Baba mkwe pua yake ilikufa. Aliugua mwaka juzi, akapona, pua haikupona. Akawa ananiita mimi. 'Mwanangu, njoo uniazime pua.' Pipa likianza kuchacha, namwambia linanuka nini. Likikaa kwenye friji wiki zake zote, namwambia limetulia au bado. Bia yake ilinuka mkate na majani makavu. Basi. Mwaka mzima, mapipa yote, mkate na majani makavu."

"Na hili?"

"Siku ya kufunga chupa nilikuwa kliniki na mtoto. Sukari nilimpimia asubuhi kabla sijaondoka, kwa kijiko chake kilekile, akaifunga peke yake. Wiki iliyofuata nilipoingia mle chumbani zilikuwa zimepangwa karibu na jiko zipate joto, zijenge gesi kama kawaida. Moja ilikuwa inavuja kwenye kizibo. Nikainusa. Machungwa! Nikamwambia, baba, hii si bia yako, kuna mtu kaweka kitu, usiziache hapo kwenye joto. Akakasirika. Akasema wivu, akasema nataka kumharibia mbele ya wenzake. Akanitukana. Nami nikajibu, sikunyamaza. Ndiyo kelele waliyoisikia majirani." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Akainama kuchukua ile inayovuja anionyeshe kwamba haina kitu. Ikampasukia mkononi."

Inspekta aliangalia viganja vyake. Havikuwa na mkwaruzo. Mkuu alikuwa amesema alishikilia kipande kwa blauzi.

"Blauzi ulivua ya nini?"

"Kumbana shingo," mwanamke alisema, kana kwamba ni swali la kijinga. "Ningembana na nini?"

Alionekana anataka kuongeza neno. Kisha akaangalia mlango wa selo, akalimeza. Inspekta aliliona likimezwa, akalihifadhi kichwani.

"Nani mwingine aliingia kwenye kile chumba?"

"Baba na rafiki yake, Fundi Friji. Na sisi wa nyumbani. Mwingine hapana."

Karakana ya Fundi Friji ilikuwa imezungukwa na friji zilizokufa, milango imeng'olewa, waya zimetoka nje. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, aliyekuwa akilia bila aibu tangu Inspekta alipotaja mzee. Walikuwa wametengeneza bia pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Kila baada ya muda wenzao wachache hukutana, kila mmoja na chupa zake zisizo na nembo, wanaonja wote bila kujua ipi ya nani, kisha wanasema ukweli. Mzee alikuwa akishinda, na akishinda alikuwa hasemeki.

"Alikuwa anatia maua gani?" Inspekta aliuliza. Kabla ya kuja alikuwa ameulizia, akajifunza neno hopsi, maua machungu yanayoipa bia uchungu wake.

"Yale ya zamani, ya upole. Mengi anayachemsha mwanzo kwa ajili ya uchungu, kidogo mwishoni kwa harufu, basi. Bia ikishapoa hagusi tena. Anaifungia kwenye baridi, anasubiri. Ua la upole likikaa kwenye baridi muda mrefu, ukali unaondoka, bia inakuwa laini, unakunywa huoni wapi uchungu umeanzia. Alisema laga, bia hiyo ya kutulizwa kwenye baridi, ni subira, na asiye na subira akanywe soda."

"Na machungwa?"

Fundi aliacha kujifuta machozi. "Machungwa gani?"

Alimpa chupa. Fundi aliinusa, akainusa tena, na uso wake ukabadilika rangi.

"Hii si ya mzee. Hili ni ua jipya, lenye mafuta mengi. Ukilichemsha, harufu inakwenda na mvuke. Ukilitia mapema kisha bia ikae wiki nyingi, harufu inafifia. Kwa hiyo wanaolipenda wanalitia likiwa bichi, mwishoni kabisa, bia ikiwa imeshapoa. Mzee alikuwa analiita chai ya maua. Asingelitia hata kwa bastola."

"Linaweza kupasua chupa?"

"Lenyewe hapana. Ila ua bichi lina kitu kinachovunja zile sukari ngumu ambazo hamira ilishindwa kuzila. Hamira imelala, ghafla inapata chakula upya. Kwenye friji haiamki sana. Ukiifunga kwenye chupa, ukaongeza na ile sukari yako ya kawaida, ukaweka karibu na jiko..." Alisimama. "Nayo ile siagi unayoisikia hapo nyuma, hiyo ni hamira iliyoanza kazi tena ikakatizwa. Mungu wangu. Mimi niliambiwa mkwe kamchoma!"

Inspekta alikuwa ameshasimama. Kwenye kona kulikuwa na friji moja iliyokuwa inanguruma, nzima, na alipoifungua alikuta rafu nzima ya pakiti za rangi ya fedha. Alichana moja. Ndani mlikuwa na vidonge vya kijani kama chakula cha sungura, na harufu ya machungwa ikajaa karakana.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaa chini."

"Ni zangu! Natia kwenye bia zangu mimi, kila mtu anajua, mzee alinicheka nazo kila siku!"

"Ulichoka kuchekwa."

"Nichoke kwa nini? Ulikuwa utani wetu! Angeacha kunicheka ningejua anaumwa."

"Ulikuwa na ufunguo wa chumba chake?"

"Hata mlango wa sebuleni nilikuwa napiga hodi. Afande, pakiti moja nilimpa kijana wake. Aliniomba. Alisema anataka kumwonyesha baba kwamba naye anajua kitu." Fundi alikuwa anahema. "Nikamwambia kabisa: ukitia, usikubali ifungwe. Litoe pipa kwenye baridi, iache hamira imalize kula, onja mpaka siagi iishe, ndipo urudishe kwenye friji. Wiki mbili, tatu. Nilimwambia mara mbili. Akasema sawa, mzee, nimekuelewa."

Inspekta alibaki ameshika mlango wa friji. Kwenye faili kulikuwa na maelezo ya mume, yamesainiwa kila ukurasa. Alikuwa ameyasoma jana akamhurumia. Humo mume alisema alikuwa kazini kwenye duka la matairi. Alisema mkewe ana hasira za haraka na hakumpenda baba yake. Alisema miaka yote hajawahi kuona chupa ya baba yake ikipasuka, na hayo ya kupasuka ni uongo.

"Una ile mashine ya kufungia vizibo?" alimuuliza Fundi. "Nifungie chupa moja. Nitakwambia utie nini ndani."

Alasiri mume alifika na mtoto mgongoni mwa dada wa jirani, na mfuko wa nepi mkononi. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na askari wa mapokezi walikuwa wameshamzoea, wanampa pole. Mtoto alipopelekwa kwa mama yake, Inspekta alimkaribisha kwenye chumba cha mahojiano. Kilikuwa kidogo, dirisha limefungwa, na kwenye meza birika la umeme lilikuwa linaanza kuchemka.

"Sitakuchelewesha, shemeji. Kuna jambo moja tu." Alitoa chupa ya kahawia yenye kizibo, akaiweka katikati ya meza. "Hii ndiyo pekee iliyobaki. Ishike, unitambulie kama ni ya marehemu."

Mume hakuishika. "Ndiyo yake."

"Umeitambua bila kuishika? Haya. Sogea basi tuandike."

"Niko sawa hapa, afande."

"Hapo uko mlangoni. Kiti kiko huku."

Alikaa, lakini alikisukuma kiti nyuma kabla ya kukaa, na mara tu baada ya kukaa alikisukuma tena. Inspekta aliichukua chupa, akaitikisa kidogo kama anayeangalia mashapo, akaiegemeza ubavuni mwa birika. Mvuke ulianza kuigusa.

"Chai?"

"Hapana. Afande, hiyo chupa..."

"Ina nini?"

"Itoe hapo."

"Kwa nini? Ni bia ya baba yako. Ya mkate na majani makavu. Imekaa kwenye baridi wiki zake zote, ikatulia. Mimi naipasha kidogo tu."

Birika lilianza kupiga kelele. Mume alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akajibanza ukutani huku mikono imefunika uso.

"Itoe! Itapasuka!"

Inspekta alizima birika.

"Nani kakwambia?" alisema. "Wewe umesaini kwamba hazipasuki. Umesaini kwamba ni uongo wa mkeo." Alichukua kifungulio, akaing'oa chupa kizibo. Hakukuwa na povu. Alimimina kwenye glasi, akanywa mpaka mwisho mbele ya macho yake. "Ni maji ya bomba. Fundi Friji amekufungia. Anakusalimu."

Mume alishuka kwa mgongo wa ukuta mpaka akakaa sakafuni. Alianza kusema bila kuulizwa, maneno yanakanyagana. Baba alikuwa anamdharau. Mbele ya wenzake alisema huyu hajui hata kuosha chupa. Alitaka waonje ile bia, waisifu, mzee avimbe kichwa, ndipo yeye aseme ni mkono wangu huo. Alitia vidonge kwenye pipa lilipokaribia kutoka kwenye baridi, ili harufu isije ikafifia. Alidhani kufunga ni wiki ile nyingine. Mzee akafunga kesho yake.

"Ungemwambia baba yako."

"Angenicheka, afande."

"Kwa hiyo uliogopa kuchekwa." Inspekta aliinama mpaka uso wake ukalingana na wake. "Ukamwacha mkeo alale na ndoo wiki nzima. Ukamtukana kwenye karatasi, ukasaini kila ukurasa. Kila siku unamleta mtoto hapa, unakaa kwenye benchi letu unapewa pole, unajua! Mimi ninawashika majambazi kila mwezi. Jambazi hukana kosa lake, sijaona anayemtwika mke wake kosa hilo, kisha akamletea mtoto nepi."

"Sikukusudia baba afe."

"Hilo ninaliamini. Ndiyo maana nina hasira zaidi."

Alimwacha na koplo, akaenda selo kumwambia mwanamke mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Mtoto alikuwa ameshiba, amelala begani. Inspekta alimweleza yote akiwa amesimama, pakiti ya Fundi, pipa, maji ya bomba. Mwanamke hakupiga kelele. Alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni, na kiganja chake kikazidi kuwa kizito mpaka mtoto akalalamika.

"Amesema siku ile alikuwa wapi?" aliuliza hatimaye.

"Kazini. Duka la matairi."

Mwanamke alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Alikuwa mlangoni. Alisikia mlio akaja. Nimembana baba shingo, nikamwambia kimbia, kaite gari. Akaniangalia. Akaangalia vile vipande, akainama, akanusa ile bia iliyomwagika. Mimi nilishangaa, ananusa nini huyu? Kisha akakimbia. Nikamwambia baba, vumilia, gari linakuja. Nilimwambia hivyo mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa ananiangalia tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Siku ya kwanza alipomleta mtoto alininong'oneza. 'Wakijua nilikuwepo watatuweka ndani sote wawili, na mtoto abaki na nani?' Nikaona ana akili. Nikaona anamfikiria mtoto."

Inspekta alikumbuka mstari mmoja wa ripoti ya daktari, ambao Mkuu hakuupigia hata alama. Marehemu alivuja damu kwa muda mrefu. Angewahishwa hospitali, angeweza kuishi. Kutoka nyumbani kwa mzee, hospitali ilikuwa upande wa pili tu wa barabara kuu.

"Njoo, dada," alisema, akafungua mlango wa selo mpaka mwisho. "Hufungwi tena. Njoo na mtoto."

Waliingia chumba cha mahojiano pamoja. Mume alikuwa ameketi kitini, amejifuta uso, na alipowaona alisimama na kitu kama tumaini.

"Mama mtoto, nimewaambia ukweli wote. Nimekutoa. Afande, sasa naweza kuwapeleka nyumbani?"

Inspekta alifunga mlango, akavuta karatasi safi, akakaa.

"Bado swali moja," alisema. "Lile gari ulilotumwa ukaite, ulilipeleka wapi?"

Mume alimgeukia mkewe, akisubiri amfunike kama alivyomfunika wiki nzima. Mkewe alimhamishia mtoto bega la pili, akamtazama, akawa naye anasubiri jibu.